Bango la Shukrani kwa Kampuni

Nguzo za kampuni ziliishia mlangoni kwa Bu Tumirah; bu ndiyo mama kwa watu wa Jawa. Ya mwisho ilisimama ubavuni mwa jiko lake, na kisanduku cheusi kichwani, na kuanzia hapo kichochoro kilipinda kikapanda mlima, lakini kampuni haikupanda nacho. Wenye nyumba za juu walipokwenda mjini kuomba intaneti waliambiwa kisanduku kimejaa, wasubiri. Wakasubiri. Wengine walisubiri mpaka mabinti zao wakakua, wakaenda Taiwan na Hong Kong kufanya kazi za majumbani, na kisanduku kilikuwa kingali kimejaa.

Simu nazo zilikuwa pambo tu pale bondeni. Mawimbi yalipita juu ya vichwa vyao, kutoka mlima huu kwenda ule, na mtu aliyetaka kuyadaka alipanda hadi makaburini, akasimama kati ya wafu akizungusha simu hewani.

Ndipo Pak Sarkowi, mumewe Tumirah, Mungu amrehemu, alipotoa waya dirishani kwake. Alikuwa fundi redio, na mkono wa fundi hautulii. Waya ulipita juu ya bati la Yu Sinah, dada muuza tempe, ile soya ya kuchachushwa, ukaruka mfereji, ukaingia kwa Pak Rohmadi mwenyekiti wa mtaa, ukaendelea kupanda nyumba kwa nyumba hadi kwa Mbah Karsi, bibi kizee wa juu kabisa ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kumkataa. Bili walichangia. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu hata maji ya chemchemi walikuwa wakiyagawana hivyohivyo, kwa mabomba ya mianzi.

Sarkowi hakuishia hapo. Juu ya kabati la vyombo aliweka kompyuta ndogo, isiyozidi kipande cha sabuni ya kufulia, akaiunganisha na maikrofoni ya sebuleni. Kila Alhamisi baada ya isha kina mama walipokaa kusoma Yasini, sauti zao ziliingia katika kile kidude na kutokea ng'ambo. Mabinti wa kichochoro waliifungua redio hiyo kwenye simu zao, wakatia kitu sikioni, na huku wanamgeuza mgonjwa kitandani au wanasugua sufuria za watu, wanasoma pamoja na mama zao. Kwa wale wa nyumbani wasioweza kutoka, Sarkowi aliandika namba za kuifungulia kwa wino mzito kwenye fremu ya mlango wa kila nyumba.

"Waya za humu kichochoroni ni zetu," alimweleza mkewe siku moja, akimenya waya kwa meno. "Mlango wa kutokea nje tu ndio wa kampuni."

Tumirah alisoma hadi darasa la sita. Mambo ya waya hakuyafuatilia. Alichojua ni kwamba kwenye kioo cha simu yake, chini ya jina la redio, palikuwa na namba ya wanaosikiliza, na kila Alhamisi namba hiyo iliongezeka moja kwa kuchelewa, wengine wakiwa wamekwisha ingia. Huyo wa mwisho alikuwa binti yake wa pekee, Endah, aliyekuwa akimtunza bibi mmoja mgonjwa huko Taiwan. Bibi hakulala mapema, na mpaka alale, simu ya Endah ilikaa kwenye droo ya mwenye nyumba.

Sarkowi alianguka bafuni alfajiri moja na hakuinuka. Endah hakuja kumzika baba yake. Mkataba ulikuwa mbichi, na mwenye nyumba alimwambia akitoka ndiyo ametoka. Kwa hiyo hitima ya siku ya tatu aliisikiliza akiwa jikoni kwa watu. Ya siku ya saba hivyohivyo, na ya arobaini, na ya mia. Ilibaki moja tu, ya siku elfu. Hiyo kwa desturi ya Jawa ndiyo ya kuagana kabisa. Kaburi hutiwa jiwe, wali hupikwa, dua husomwa, na baada ya hapo marehemu anaachiwa Mola wake.

"Mak, hiyo ya mwisho nisiikose," Endah alimwambia mama yake. "Kumzika sikumzika. Niitikie amina pamoja na watu, hata mara moja, halafu nitatulia."

"Utaitikia, Nduk," Tumirah alimjibu. "Redio ya baba yako haijawahi kututupa."

Ikawa inakaribia hiyo siku, radi ikapiga nguzo. Kichochoro kizima kikawa kimya. Kampuni ikamtuma fundi, kijana mwembamba aitwaye Mas Fendi, naye akapanda juu katika mvua, viatu vinateleza, akatengeneza. Simu zote za mtaa zikalia kwa pamoja kama kuku walioona mwewe. Alitaka kupanda pikipiki yake aondoke. Yu Sinah akamshika mkoba.

"Kijana kapanda chuma kwenye radi, halafu tumwache aende na kikombe cha chai?" alisema. "Sisi ni watu wa wapi?"

"Nina kazi nyingine, Yu."

"Jumapili basi. Usipokuja nitakuja kwenu na sufuria kichwani, nimwambie mama yako ulivyonikataa."

Basi ikapangwa karamu ya shukrani. Na pakiwa na karamu, Pak Rohmadi lazima aweke bango. Mwenyekiti yule hakuwa na jambo dogo; hata mfereji ulipozibuliwa alichapisha bango lenye picha yake mwenyewe amevaa kofia nyeusi, ananyooshea kidole uchafu. Akaja kwa Tumirah na maneno yake kwenye karatasi.

"Nisikilize, Bu. 'Wakazi wa nyumba kumi na moja za Kichochoro cha Melati tunaishukuru Kampuni kwa intaneti yetu ya pamoja, na kwa redio yetu ya Yasini inayosikika dunia nzima.' Limekaaje?"

"Limekaa vizuri, Pak." Tumirah alisema. "Lakini aliyeleta hizo waya mbona hayumo?"

Pak Rohmadi akajipiga paji la uso. "Astaghfirullah. Niweke vipi?"

"Weka tu, marehemu Pak Sarkowi, ambaye jina lake ndilo liko kwa kampuni mpaka leo."

Akaandika. Na Jumapili bango lilipofungwa kati ya nguzo na dirisha, refu kama shuka la bwana harusi, jina la Sarkowi lilikuwa katikati kwa herufi nyekundu, na Tumirah akalitazama kila alipopita na sinia, moyo umemjaa.

Wali wa manjano ulisimamishwa kama kilima chenye ncha, kuku mzima akalazwa pembeni. Mas Fendi alipewa kukata kilele cha wali, heshima ambayo kwa kawaida hupewa wakubwa, akawa mwekundu hadi masikioni. Watu wote wa nyumba kumi na moja wakasimama chini ya bango, Mbah Karsi akabebwa na kiti chake, picha ikapigwa. Pak Rohmadi akaituma Facebook, tena akaweka jina la kampuni ili waione.

Wakaiona. Jioni ileile kampuni ilijibu kwa alama ya mikono iliyokutanishwa na maneno, Asante, wateja wetu wapendwa. Pak Rohmadi alimwonyesha kila mtu. Muuza samaki alionyeshwa mara mbili.

Siku chache baadaye ujumbe mwingine wa kampuni, wa mwisho kupita kwenye waya, uliingia kwenye simu ya Tumirah. Alitafuta miwani, akaketi kwenye kizingiti cha jiko, akausoma polepole akifuata kwa kidole. Kampuni imebaini kwamba huduma ya nyumbani inasambazwa kwa nyumba nyingine kinyume cha kanuni. Kampuni imebaini kwamba nyumbani kwa mteja kunaendeshwa seva, jambo lisiloruhusiwa kwa huduma ya nyumbani. Kampuni imebaini kwamba mteja aliyesajiliwa ni marehemu. Huduma imesitishwa.

Akausoma tena tangu mwanzo. Makosa mawili ya kwanza yalikuwa ya bango la Pak Rohmadi. La tatu alikuwa ameliomba yeye mwenyewe.

Yu Sinah alimkuta palepale kizingitini, mikono ya Sinah imejaa unga wa chachu ya tempe.

"Intaneti imekata, au ni kwangu tu?"

"Kwetu sote."

"Radi tena?"

Tumirah akampa simu. Sinah akasoma midomo ikicheza, akafika mwisho, akakaa chini bila kuangalia anakalia nini.

"Seva ndiyo nini?"

"Nadhani ni kile kidude cha kabatini."

"Kile? Kile hata panya hawakitaki." Akarudisha simu. "Tumewashukuru wenyewe, kwa kalamu yetu. Mwizi huwa anatafutwa. Sisi tumejipeleka na wali juu."

"Hatukuiba, Sinah. Bili tunalipa."

"Waambie hivyo basi."

Tumirah akatia mtandio vizuri, akapanda makaburini ili awaambie. Kwenye kaburi la Sarkowi bado palikuwa na kibao cha mti tu. Jiwe lilikuwa linachongwa. Aliinua simu huku na huku hadi mawimbi yakakubali, akapiga namba ya kampuni. Muziki ukapigwa. Sauti ya mashine ikamwambia abonyeze moja, akabonyeza moja; abonyeze tatu, akabonyeza tatu; muziki ukarudi upya. Hatimaye akaja binti mwenye sauti tamu kama mhudumu wa harusi.

"Asante kwa kusubiri, Bu. Naongea na mwenye huduma?"

"Naongea mimi mkewe."

"Samahani, Bu, kwa usalama wa taarifa za mteja natakiwa kuzungumza na Pak Sarkowi mwenyewe. Yuko karibu?"

Tumirah akatazama kibao. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na hasa si mahali pale. "Yuko hapa karibu yangu," alisema, "lakini ni marehemu. Ninyi wenyewe mmeandika hivyo."

Vidole vilisikika vikigonga vitufe.

"Poleni sana kwa msiba, Bu."

"Asante, mwanangu. Ni karibu miaka mitatu."

"Basi kwa kuwa mteja ni marehemu, siwezi kuzungumzia huduma yake na mtu mwingine."

"Na yeye hawezi kuzungumza nawe."

"Naelewa, Bu."

"Sasa azungumze nani?"

"Naelewa sana, Bu," binti akarudia, na Tumirah akasikia kwamba anaelewa kweli, na kwamba kuelewa kwake hakutamsaidia mtu. Akamweleza juu ya hitima hata hivyo. Akamweleza juu ya Endah na droo ya simu. Hakuomba waachiwe waya zote. Aliomba jioni moja tu, kisha wafanye watakavyo. Binti akasikiliza bila kumkatiza. Mwishoni akasema maombi yake yameandikwa, akamtakia siku njema, akauliza kama kuna jambo lingine la kumsaidia.

"Hakuna, mwanangu," Tumirah alisema. "Mungu akulinde."

Mas Fendi alikuja kuchukua kisanduku cha ndani, kile chenye taa. Alikuja pikipiki imezimwa tangu mwanzo wa kichochoro, akiisukuma, kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Lakini Yu Sinah alikuwa dirishani.

"Karibu, Mas Fendi. Leo umekuja kula au kubeba?"

"Nimetumwa, Yu."

"Hata siku ile ulitumwa. Tofauti ni kwamba siku ile ulipanda. Leo unainama."

"Mwache, Sinah," Tumirah alisema. "Mgeni aketi kwanza."

Fendi akaketi kwenye ncha ya kiti. Aliletewa chai na ndizi za kukaanga, akaziangalia tu. Tumirah naye akaketi mbele yake, mikono magotini.

"Nieleze kwa maneno ya kawaida, Mas. Kosa letu lilikuwa lipi hasa?"

"Kanuni inasema huduma ni ya kaya moja, Bu. Watu wanaokula jiko moja."

"Wali uliokula siku ile ulipikwa kwa Sinah. Kuku alipikwa hapa. Nazi ilikunwa kwa Pak Rohmadi, na sahani zilikuwa za msikitini. Jiko letu ni lipi hapo?"

"Mimi naelewa, Bu. Huko mjini hawaangalii hivyo."

"Na kile kidude?"

"Seva hairuhusiwi kwenye huduma ya nyumbani. Inaruhusiwa kwenye ya biashara, lakini hiyo wanataka leseni ya duka."

"Tufungue duka la Yasini," Yu Sinah akasema kupitia dirishani. "Aya tuuze kwa kilo."

Tumirah hakucheka. "Nikiomba upya kwa jina langu?"

"Anwani hii imefungiwa mwaka mzima. Na nafasi ya kwenye nguzo ikiachwa, inakwenda kwa walio kwenye foleni."

"Wenye foleni ndio sisi."

"Ndiyo, Bu. Lakini mpaka wapimaji waje." Aligeuza kikombe bila kunywa. "Hata mimi nimeitwa ofisini. Kwenye picha nimeshika sahani nacheka, na bango liko juu ya kichwa changu. Wameniuliza, wewe ulipoliona hukusoma? Nikawaambia nilisoma. Nilifurahi tu."

Hapo hata Yu Sinah akaondoka dirishani.

Tumirah alimwuliza neno moja la mwisho: asipokichukua kisanduku leo, akija baada ya hitima, itakuwaje. Fendi akatikisa kichwa. Alisema anaweza kuandika kwamba hakukuta mtu, hilo si kitu, lakini walikokata ni huko mjini, siyo hapa. Kisanduku hata kikibaki ni bati lenye taa. Basi Tumirah akamwambia afanye kazi yake. Alimfungia ndizi zile kwenye jani, akamtilia kwenye mkoba, na kijana akaondoka akiisukuma pikipiki hadi chini kabisa.

Siku jiwe lilipopandishwa makaburini, Tumirah aliwaacha wanaume wakichanganya saruji, akajitenga na simu. Ilikuwa asubuhi, Endah asingeweza kupokea. Akamwachia maneno ya sauti.

"Nduk, usilie. Kampuni wamefunga. Tumehangaika huku na huku, imeshindikana. Pak Rohmadi anasema turekodi, tukuletee kesho yake."

Kesho yake alipanda tena kuchukua jibu. Sauti ya Endah ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea akiwa bafuni.

"Mak, ya kurekodi ni sawa na kula makombo, amina yangu itakuwa peke yake. Niambie mtaanza saa ngapi. Nitasoma huku saa hiyohiyo. Sitawasikia, lakini nitajua mko mnasoma."

Tumirah akamjibu: siku ya hitima, saa moja na nusu usiku ya nyumbani, mara tu baada ya isha. Huko kwao itakuwa saa mbili na nusu, na hata bibi akiwa macho, msahafu haukai kwenye droo. "Nitaanza saa hiyo hata mbingu ianguke," alisema, na papo hapo akaona si neno la kusemwa na mja, akaongeza inshallah.

Siku yenyewe kina mama walikuwa jikoni kwake tangu alfajiri. Vibibi, vile vikate vya mchele, vilipangwa kwenye ungo, kuku watatu wakachemshwa kwa nazi, vifurushi vya wali wa kuwapa watu waende navyo vikajazwa. Alasiri Pak Rohmadi alikuja na kitu amekikunja kwapani. Lilikuwa lile bango.

"Sina turubai lingine, Bu," alisema bila kumtazama. "Mawingu yale siyapendi. Nilifunge mbele ya mlango, watu wasilowe."

"Lifunge, Pak."

"Nitaweka maneno kwa juu."

Mvua ilikuja na magharibi. Ilianza kama kawaida, halafu ikasahau kuacha. Maji ya mlimani yakaingia kichochoroni, mfereji ukatapika, ngazi za mawe zikawa maporomoko. Kina mama waliokwenda nyumbani kuvaa wakakwama huko. Imamu alikuwa ng'ambo ya mfereji. Bango lilijaa maji katikati likaning'inia kama tumbo la mjamzito, na kutoka chini, kwa mwanga wa taa, maneno yalionekana kinyumenyume.

Tumirah aliswali isha peke yake sebuleni. Mikeka ilikuwa imetandikwa, vifurushi vimepangwa, ubani unafuka, na hapakuwa na mtu. Akaitazama saa ya ukutani. Mwanamke haharakishi wanaume kwenye hitima, wala hamwanzii imamu. Lakini neno alikuwa amelitoa kwa mtoto, na mtoto wakati huo alikuwa amefunga mlango wa jikoni kwa watu, amefungua msahafu, anaangalia saa.

Ilipofika saa moja na nusu alikaa mbele ya maikrofoni. Alikaa hapo kwa mazoea tu. Ndipo alipozoea kusomea. Kidude cha juu ya kabati kilikuwa kinapepesa kijani chake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kukizima. Akapiga bismillahi, akasoma Fatiha kwa roho ya Sarkowi bin Kasan, akaingia kwenye Yasini.

Alikuwa hajafika mbali dirisha la ng'ambo likafunguliwa.

"Tumirah," Yu Sinah aliita kupitia mvua. "Nakusikia kwenye simu."

Tumirah akaacha kusoma. "Kwenye redio?"

"Redio hiihii ya marehemu. Nilifungua tu kwa kuzoea, maana ni saa yake. Uko humu."

"Na Endah?"

Sinah akaileta simu karibu na taa. Alikiinamia kioo cha simu. "Huku juu imeandika hakuna intaneti," alisema.

Basi Tumirah akakumbuka waya kati ya meno ya mumewe. Za humu kichochoroni ni zetu; kampuni ilikuwa imefunga mlango wa nje tu. Akaitwaa simu yake, akaisimamisha kwenye kikombe mahali anapoweza kuiona. Wanaosikiliza: wawili. Ni yeye na Sinah.

"Soma, mama," Sinah alisema. "Nitawapigia kelele wengine."

Akasikika akimwita jirani, jirani akamwita wa juu yake, sauti zikipanda mlima katikati ya mvua. Tumirah akasoma. Namba ikawa watatu. Huyo ni Pak Rohmadi. Ikawa wanne, ikawa sita. Kila ilipoongezeka alijua ni fremu ya mlango gani mtu anaisoma kwa tochi. Ikaja ya Mbah Karsi, aliyebonyeza na kutoka na kurudi tena, kama ilivyo kawaida yake. Zikatimia nyumba zote kumi na moja. Wale waliokatazwa na kanuni walikuwa wamo wote.

Alisoma akiitazama namba. Hakupenda kuitazama, ni kama kuchungulia dirishani wakati wa swala, lakini macho yalikwenda yenyewe. Kila Alhamisi ilikuwa inaongezeka moja kwa kuchelewa. Alipofika kwenye salamu, neno kutoka kwa Mola mwenye kurehemu, alirudia aya hiyo mara tatu kama wafanyavyo wasomaji wa kwao, na katika ile mara ya tatu akaivuta zaidi ya inavyovutwa, akingoja. Mvua ikapiga bango. Namba ilikaa kumi na moja.

Akamaliza. Akaomba dua mwenyewe, kwa Kiarabu alichokijua na kwa Kijawa chake, akimtaja Sarkowi, na baba yake Sarkowi, na walio mbali na nyumbani. Kwa Yu Sinah aliisikia amina wazi, na ya mumewe Sinah nyuma yake, na ya nyumba ya tatu kwa mbali. Za juu zaidi mvua ilizimeza. Alikaa kimya baada ya kila ombi, muda wa mtu mmoja zaidi kuitikia, kisha akaendelea.

Imamu alifika mvua ilipopungua, kanzu imelowa hadi magotini, akasoma dua yake fupi, watu wakaja wakala, wakachukua vifurushi. Pak Rohmadi alilipindua bango kwa fimbo ya ufagio, maji yakamwagika uani kwa kishindo, watoto wakacheka. Mtu mmoja alisema hitima ilikuwa nzuri. Tumirah akasema alhamdulillahi.

Walipoondoka akakusanya vikombe. Simu ilikuwa bado imesimama pale mbele ya maikrofoni. Watu walikuwa wanafunga redio na kulala, na namba ilikuwa ikishuka: nane, tano, tatu. Akafunga na yeye ya kwake kwa kidole, akaona si vizuri, akaifungua tena. Sasa walikuwa wawili, na mmoja wao ni yeye.

Alijua mwingine ni nani. Ni Mbah Karsi, amelala na simu kifuani kama kawaida yake, na kesho atalalamika kwamba betri imekwisha. Alijua hivyo, hakujidanganya. Hata hivyo alikisogeza kiti karibu na maikrofoni, akaketi na vikombe mapajani, akaanza tena Fatiha kwa sauti ndogo, na kidude cha kabatini hakukizima.